Kilo Kumi na Tano

Uwanja wa Kisongo, saa moja na nusu asubuhi,
Meru umejifunika shuka mpaka puani.
Lomayani ananiona na begi langu, anacheka kabla sijafika.
“Weka.”
Naweka. Mshale unapita kumi na tano, unapita kumi na saba,
unatetemeka kama shahidi.

Basi naanza kujivika.
Viatu vya mpira miguuni. Koti la mvua,
na mfuko wa kulia kidhibiti hewa, mipira yake ikining’inia
kama pweza aliyegoma kuingia sufuriani.
Tochi kifuani. Miwani shingoni.
“Na mapezi?”
“Nitayapakata.”
“Haya, sasa panda wewe.”
Maana ndege ya viti kumi na viwili haihongeki:
nilichokitoa begini kinasomeka mwilini.

Begi lenyewe halifiki kilo.
Shangazi Ndeanansia alilishona kwa turubai la hema kuukuu
barazani kwake Kilombero, kwa cherehani ya miguu.
“Wanapima na begi?”
Wanapima na begi, shangazi.
Akang’oa zipu ya chuma, akatia kamba.
Bahari hakuwahi kuiona. Aliijua kwa ule weupe
uliobaki kwenye mishono kila niliporudi;
aliukwangua kwa ukucha, akalamba, akasema:
“Hii ingetosha mboga.”

Arusha, Unguja. Unguja dakika arobaini:
shuka, kimbia, ukumbi mwingine, mzani mwingine,
kijana mwingine asiyemjua Lomayani.
Siku moja mapezi yalifika Chake, kidhibiti kikalala Unguja.
Siku nyingine vyote vilifika, mimi nikabaki.
Nimejifunza: kitu cha kupumulia usimwachie mpagazi.

Jumanne ile nilikuwa mita ishirini na sita,
nahesabu matumbawe yaliyopauka.
Nilipoibuka, nilikuta simu kumi na nne zisizopokelewa.

Kwenye saa yangu ya kuzamia palikuwa na kindege kilichokatwa mstari.
Saa ishirini na nne.
Aliyezama ana gesi damuni, kama soda iliyotikiswa;
mpandishe angani, umefungua kizibo.
“Kuna boti ya Tanga,” wakanishauri, “halafu basi.”
Lakini kwetu ni juu. Hata barabara inapanda.
Mtoto wa mlimani nikakaa kwenye ngazi za bandari ya Wete,
mlima ndio umenizuia.

“Ningojeni,” nikasema kwenye simu.
Mjomba Elisaria akanyamaza, nikasikia watu wakisogeza viti.
“Mwanangu, jeneza limeshafika Tengeru. Na mvua inakuja.”
Nani atamweleza mjomba habari za mapovu?

Wakazika Jumatano saa nane.
Saa nane hiyo hiyo kindege kilikuwa kimeshafutika mkononi,
ila ndege yenyewe haikuwepo mpaka kesho yake.

Alhamisi, Kisongo. Anayeshuka hapimwi.
Lakini Lomayani alilibeba begi kutoka kwenye toroli
akaliweka mzanini, sijui kwa nini, mazoea labda.
Ishirini na moja.
“Maji,” nikasema. “Sikuanika.”
Hakucheka. Alilishika kamba upande wake, mimi wangu,
tukalitoa mpaka getini.

Nyumbani maua ya kaburi yalikuwa yameshalala.
Nikafunga kamba kwenye mgomba, nikatundika nguo ya kuzamia.
Mjomba akatoka na kandambili moja.
“Usianike hapo. Chumvi inaua migomba.”
Nikaanua. Nikaitundika kwenye seng’enge, upande wa barabara,
ikadondoka tone, tone, juu ya changarawe.

Begi nikabaki nalo mapajani.
Mshono wa pili kutoka mwisho, pale alipobadilisha uzi,
nikaukwangua kwa ukucha, nikalamba.

Haitoshi mboga, shangazi.
Ulikuwa unanitania.